Suruali ya Kuinamia

Machi 4, Jumatano

Wewe mwanangu, mtu mzima na akili zako, unaingiaje nyumbani kwa mama yako na maboksi matupu kabla ya salamu? Salamu kwanza, ndipo maboksi. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Uliyaegemeza nyuma ya mlango yamekunjwa, ukadhani sijayaona. Nimeumia kiuno, macho hayajaumia.

Naandika humu kwa sababu nikikwambia uso kwa uso unalia, na ukilia unashinda. Shajara yenyewe nimepewa na duka la dawa, ina picha ya vidonge juu ya jalada. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkono huu umeandika majina na vipimo vya mtaa mzima, kwa hiyo asinicheke mtu kwa mwandiko.

Yaliyotokea ni haya. Wiki iliyopita niliinama kuokota sindano chini ya cherehani, nikakanyaga kipande cha satini, nikaenda chini mzimamzima. Sikuvunjika. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nililala chali kutwa nikitazama uvungu wa meza ya cherehani, ambao sikuwahi kuutazama tangu niinunue. Umejaa utando wa buibui na nyuzi za rangi zote. Mteja mmoja alikuja akabisha hodi. Sauti niliijua, ni ya mwanamke ambaye akiona jambo asubuhi, mchana soko zima linalo. Gauni lilikuwa limenipanda mapajani. Nikanyamaza kimya, akaenda zake.

Jioni jirani wa chini, yule mzee tunayemwita Dereva kwa kuwa ameendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia, akaona nguo za wateja zinanyeshewa kambani. Akapanda kuuliza kulikoni, akanikuta, akaniinua. Kisha akafanya kitu ambacho sijamsamehe. Akakupigia simu.

Sasa unataka nihamie kwako, chumba cha nyuma, chumba ambacho cherehani yangu haipiti hata mlangoni. Nimesema sihami. Ukasema daktari kasema. Nikakubana useme daktari kasema nini hasa, ndipo ukatoa: mtu anayeweza kukaa sakafuni akainuka mwenyewe bila kushika kitu, huyo anaweza kuishi peke yake.

"Basi, Mama," ukasema. "Mvua zikiisha unionyeshe. Ukiweza, sitakusumbua tena. Usipoweza, unahama na hatubishani."

Tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Ukaondoka. Maboksi ukayaacha.

Machi 5, Alhamisi

Nimejaribu. Kushuka nilishuka. Kupanda nikashika mguu wa cherehani, nayo ikanifuata. Mwishowe ni kitanda kilichoniokoa, na nashukuru hakuna aliyeona. Nimepachika komeo mlangoni. Mtu asije akanikuta tena chini kama gunia.

Mvua.

Machi 7, Jumamosi

Dereva amekuja kurudisha mwavuli alioazima, huku mvua inanyesha. Ndivyo alivyo, hana mpangilio. Nilimpokea mlangoni, ndani sikumkaribisha. Akasema anajua nimemkasirikia, lakini aseme nini, angeniacha pale? Nikamwambia kuniinua ni sawa, simu ya nini. Mdomo wake hauna breki, na yeye alikuwa dereva.

Akajitia hamnazo, akaniuliza kama nimewahi kusikia yoga. Kwamba mgongo wake ulikuwa umekwisha, sasa anajifunga viatu mwenyewe. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, ukumbi ulio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikauliza mnafanya nini huko. Akasema tunainama, tunajinyoosha, tunapumua. Nikamwambia kupumua nimeanza siku niliyozaliwa na sikuhitaji mwalimu.

"Basi njoo uone unavyokosea," akasema, akashuka ngazi akiimba.

Machi 10, Jumanne

Nimekwenda. Nitaandika yote ili nisije nikasingiziwa baadaye.

Ukumbi una kuta za kijani na paa la mabati lisilo na dari. Katikati kuna ndoo inakinga maji yanayovuja, na watu wanatandika mikeka kuizunguka ndoo kama inaheshimiwa. Wengi ni vijana. Wasichana wamevaa suruali za kubana ambazo mimi ningekataa kuzishona. Mwalimu ni binti mwembamba mrefu, anajikunja na kujikunjua kama utepe wa kupimia, na hilo ndilo jina nililompa, Utepe.

Akanipokea kwa adabu, karibu Bibi. Nikamwambia bibi ni wa wajukuu wangu, wewe niite Fundi. Nikamwuliza pia kama hii ni ibada, maana kama ni ibada nirudi nyumbani, mimi ninayo yangu. Akasema kila mtu anakuja na imani yake na anaondoka nayo, hapa ni viungo na pumzi tu. Nikakubali, lakini nikakaa karibu na mlango.

Tukaanza. Piga magoti na viganja chini, pandisha mgongo juu, huyo ni paka. Bonyeza mgongo chini, huyo ni ng'ombe. Inua makalio, nyoosha miguu, huyo ni mbwa anayejinyoosha. Nikamwuliza Dereva taratibu tumekuja darasani au zizini. Akacheka akaanguka ubavu, na Utepe akaniangalia mimi, si yeye.

Mikono ilinitetemeka kama nimeshika cherehani ya umeme. Pembeni yangu alikuwa msichana ambaye mkasi wangu ni mkubwa kwake kwa umri. Nikasema huyu hanishindi. Akashuka, nikashuka. Akanyanyua mguu, nikanyanyua. Utepe akapita nyuma yangu akasema, "Fundi, hapa hatushindani." Ni kweli, kwa sababu nilikuwa nimeshashindwa.

Mwishoni akatuambia tulale chali, mikono pembeni, macho tufumbe, tusijitikise. Nikauliza hii nayo ni mnyama gani. Akasema huu ni mkao wa maiti.

Nikaokota mfuko wangu. Maiti nitakuwa, haraka ya nini? Na kulala chali sakafuni nimeshalala vya kutosha. Nikavaa viatu kwenye ngazi za nje, nikarudi zangu na mvua. Wao niliwaacha wamelala mle ndani, kimya, kama wamepigwa na umeme.

Machi 11, Jumatano

Naumwa mahali ambapo sikujua kama ni pangu.

Machi 13, Ijumaa

Nilikwenda na gauni. Kwenye mbwa gauni likanifunika kichwa, na kilichobaki nje sitaki kukiandika. Nashona suruali.

Maiti sikungoja.

Machi 15, Jumapili

Mvua tangu asubuhi, mtaa ni tope tupu, wateja hakuna. Nimetoa kile kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za wauguzi. Nikasimama mbele ya kioo, nikajipima kiuno, nyonga na urefu, nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Imenikaa kama nimezaliwa nayo. Kioo chenyewe kimenyamaza.

Machi 17, Jumanne

Aibu.

Tulikuwa tunachuchumaa, mikono mbele. Mabati yalikuwa yanapiga kelele tangu tuingie, mtu hasikii hata pumzi yake. Sijui nani aliiambia mvua isimame kidogo dakika ile ile. Ikasimama. Katika ule ukimya suruali yangu ikachanika kuanzia nyuma mpaka mbele, mlio mrefu, kila mtu akasikia mpaka mwisho wake.

Dereva hakugeuka hata kichwa. Akasema tu, "Pancha hiyo."

Nilitoka nimejifunga mkeka kiunoni. Mkeka ni wa ukumbi. Utepe alinifuata mpaka kwenye ngazi akaniambia nisijali, nije nao Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa siji.

Machi 18, Jumatano

Sikutulia. Nimeigeuzageuza ile suruali, nikitafuta kosa la uzi. Uzi ni mzuri. Mshono mzuri. Kitambaa hakina kosa. Nikaweka hasira kando, nikachukua utepe nikajipima tena nikiwa nimeinama, mkono mmoja juu ya kitanda. Kutoka kiunoni kupitia nyuma mpaka chini ya goti, ukiinama ni parefu kuliko ukisimama, na si kwa kidogo. Kiganja kizima kinazidi.

Nikakaa kitandani nikawaza. Tangu nianze kazi hii mteja akija nampanga wima katikati ya chumba. Anavuta tumbo ndani, anainua kidevu, anakuwa mtu ambaye hajawahi kuwa, na mimi namshonea yule. Kumbe hakuna anayeishi amesimama wima. Watu wanainama kufua, wanachutama kuwasha jiko, wanapakata watoto. Nguo zikirudi zimefumuka nawaambia wamenenepa. Na kweli wengine walikuwa wamenenepa, sikatai.

Nimefumua yote. Nakata upya, na katikati ya miguu natia kipande cha ziada chenye pembe nne.

Machi 20, Ijumaa

Sikwenda. Mvua. Nimezunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimehamisha cherehani upande wa dirisha, nikairudisha.

Machi 24, Jumanne

Suruali ya kuinamia imekaa. Nimechuchumaa, nimekuwa mbwa, nimetanua miguu kama mkasi, haikulalamika. Wasichana wawili wameuliza nimenunua wapi. Nikawajibu kwa mdomo wa kupinda, lakini moyoni nilicheka.

Maiti walipoanza nikatoka.

Machi 27, Ijumaa

Leo Utepe amenizuia mlangoni. Kwa nini siku zote naondoka kabla ya mwisho? Nikamwambia nimeacha maji jikoni. "Kila siku, Fundi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, mimi napenda chai.

Mvua imebomoa ukuta wa jirani.

Machi 29, Jumapili

Umekuja, mwanangu. Salamu umetoa safari hii, lakini macho yalikuwa sakafuni. Ulipita chumba hadi chumba ukitazama mahali ninapoweza kuteleza: mkeka, kizingiti, bafu, kipande cha kanzu kilichoanguka. Nyumba yangu umeiangalia kama askari anayekagua ajali.

Ukaniambia chumba cha nyuma kimepakwa rangi. Umetia na vyuma vya kushikia ukutani. Nikauliza cherehani itakaa wapi. Ukasema, "Mama, kwani lazima ushone mpaka lini?"

Hilo swali nimelibeba mpaka jioni. Nilikusomesha kwa cherehani hii mpaka ukapata kiti ofisi ya bima, ukae kutwa uandike hasara za watu. Sasa unaniandika na mimi.

Ukataka nikuonyeshe hapo hapo kama naweza kuinuka. Nikasema mvua hazijaisha. Ukachungulia dirishani. Ilikuwa inanyesha, lakini kidogo, kama inaona haya.

Aprili 3, Ijumaa

Naandika kwa hasira. Sasa nasimama kwa mguu mmoja kama mlingoti. Naugusa mguu mpaka vidoleni. Dereva anasema nimekuwa laini, nikamwambia achunge mdomo. Lakini nikirudi nyumbani nikikaa chini, kupanda ni kitanda, kitanda, kitanda. Kila jioni najaribu na kila jioni nashika. Yule binti anatufundisha kuwa mbwa na paka. Kuwa mtu anayeinuka kutoka sakafuni hatufundishi. Nimeanza kuona napoteza asubuhi zangu.

Mvua zimeanza kuchelewa kuja mchana. Sitaki ziishe. Nimekuwa mtu wa kuombea tope.

Aprili 8, Jumatano

Leo nimeanguka tena. Ngoja niseme vizuri: sikuanguka, nilishuka kwa hiari na kupanda kukanikataa.

Asubuhi niliapa sitashika kitanda. Nikatia komeo, nikasogea mbali na kitanda, katikati pale pale niliposhindwa mara ya kwanza. Nikakaa chini. Nikajirusha niinuke kwa nguvu za tumbo, kama wanavyofanya vijana. Kiuno kikanikata, nikaenda chali kwa kishindo, kichwa kikawa tena chini ya meza ya cherehani. Utando wa buibui ule ule. Nyuzi zile zile, na nilikuwa nimeapa kuzisafisha.

Nikajirusha tena. Nikajirusha tena. Kila nikijirusha pumzi inapungua na moyo unanipiga masikioni. Nikakumbuka komeo. Nililipachika mwenyewe, kwa mikono yangu, ili mtu asinione, na sasa hakuna atakayeniona kweli. Nikakuwaza wewe na maboksi yako. Nikasema basi, kashinda.

Hodi. Alikuwa Dereva, kishindo alikisikia kwenye dari yake.

"Fundi, umeanguka?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani yanaangusha vumbi kwenye uji wangu?"

Akausukuma mlango, komeo likakataa. Akasema anakupigia simu.

"Ukiigusa hiyo simu," nikamwambia, "mimi na wewe basi, mpaka kaburini."

Nikamsikia anahema baada ya zile ngazi. Kisha akasema, "Haya, inuka."

"Ningekuwa naweza, ningeongea na wewe kutoka huku chini?"

"Kwani kuinuka hukujui? Si tunafundishwa kila siku, mwisho kabisa, baada ya maiti?"

Mwanangu, niliitazama ile mbao ya meza. Nilitamani inifunike.

"Baada ya maiti kuna nini?" nikauliza.

"Kuna kuinuka. Ulidhani anatuacha mle?"

Siku zote hizo. Kile nilichokifuata ukumbini kilikuwa kinafundishwa wakati mimi niko kwenye ngazi nafunga viatu. Nilimtukana Utepe bure. Nikataka kucheka, mbavu zikakataa.

Dereva akaketi nyuma ya mlango, sauti ikaja kutoka chini, usawa wa sikio langu. Akasema nisijirushe. Lori likizama kwenye tope hukanyagi mafuta, unazidi kulizamisha. Kwanza unazima injini. "Lala, Fundi. Lala kabisa. Legeza hata meno."

Nikalala. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilijisikia kama mtu anayekubali kufa. Mvua ilikuwa juu ya paa, na yeye nyuma ya mlango. Nikasikia moyo unashuka kutoka masikioni, unarudi mahali pake.

"Sasa kunja magoti. Geukia ubavu wa kulia. Pumzika hapo. Mkono wa kushoto uweke sakafuni mbele ya kifua. Sukuma na huo. Kichwa usikivute, kichwa kinapanda mwisho."

Nikasukuma. Nikajikuta juu ya magoti na viganja.

"Umefika wapi?"

"Nimekuwa ng'ombe."

"Vizuri. Ng'ombe alete mguu mmoja mbele."

Hapo nikayumba, nikashika kiti. Nilikishika, naandika ukweli. Lakini kitanda sikukishika, wala mtu. Nikafungua komeo. Mzee alikuwa amelowa, soksi moja mguuni, nyingine sijui kaiacha wapi. Hakuuliza kitu wala hakunipa pole. Akanitazama toka juu mpaka chini akasema suruali imekaa.

Nikamwambia akalete bisibisi ang'oe hilo komeo.

Aprili 10, Ijumaa

Nimelala maiti.

Kwanza pua ikawasha. Kisha goti. Nikakumbuka mkono wa blauzi ambao sijaupachika, na mteja anaijia blauzi kesho. Ndoo inadondokewa, to, to, kila nikisema sasa natulia, to. Nikafumbua macho nikaona mabati, nikahisi yanashuka kunilalia. Nikataka kuondoka. Utepe alikuja akaninyanyua kichwa kidogo, akanitilia shuka lililokunjwa chini ya kisogo, akaenda zake. Binti mdogo vile, lakini mikono yake haina haraka. Mimi nilikuwa nimemwandika vibaya.

Sikulala usingizi, kama Dereva anayekoroma. Nilibaki tu. Nilijua kinachofuata, nikakisubiri. Ubavu, mkono, goti. Niliinuka nikiwa nimemshika yule msichana wa pembeni bega, naye akalikaza.

Aprili 14, Jumanne

Maiti. Nikashika ukuta.

Aprili 15, Jumatano

Nimesafisha uvungu wa meza.

Aprili 21, Jumanne

Maiti. Ukuta niliugusa kwa kidole tu, na Dereva akasema nimekata kona bila kupiga honi.

Aprili 26, Jumapili

Hakuna wingu. Nimefungua dirisha na nikalifunga. Umepiga simu ukasema Jumapili ijayo unakuja na gari. Sikukuuliza gari la nini.

Mei 3, Jumapili

Ulikuja na pikapu. Niliisikia kabla sijaiona. Mwenye pikapu alibaki chini na Dereva, na wewe ukapanda, suruali ya ofisini, viatu vya kisigino, ukanisalimu vizuri, ukatazama nyuma ya mlango kama maboksi bado yapo. Yalikuwepo. Nilikuwa nimeyafuta vumbi.

Nikakwambia usiongee, kaa kitini utazame.

Nikasimama pale pale, katikati ya chumba. Nikashuka taratibu mpaka nikakaa. Uliinua mikono unidake, nikakukata jicho. Mapatano yetu yalikuwa kukaa, lakini mimi nikalala. Chali, mikono pembeni, macho nikafumba. Nikakusikia umevuta pumzi ukaishikilia. Sikufanya haraka. Nikageuka ubavu, nikasukuma, nikawa ng'ombe, nikaleta mguu mbele, nikaweka kiganja juu ya goti, nikapanda. Kichwa mwisho. Nikasimama nikakutazama.

Ulikuwa mweupe kama chaki. Na bado ukapata la kusema.

"Umeshika goti, Mama."

"Goti la nani?"

"Daktari alisema bila kushika kitu."

"Basi nionyeshe wewe, uliyesoma."

Ukavua viatu. Ukaketi sakafuni kama mtu anayekaa kwenye maji ya baridi. Ukajirusha kuinuka, ukarudi chini. Ukajirusha tena. Mara ya pili nikasikia mshono wa suruali yako ya dukani unakwenda, toka nyuma mpaka mbele. Neno la Dereva lilinijia mdomoni, nikalimeza. Kisha ukashika mgongo, uso ukakunjana, ukalala chali polepole, na kichwa chako kikaenda kutua chini ya meza ya cherehani.

Ukaikodolea macho mbao ya meza. Mimi nilidhani ni mgongo.

"Ni huku ulikokuwa unatazama kutwa nzima?" ukauliza.

"Huko huko. Ila siku hizi ni safi."

Machozi yakakushuka, lakini kwa pembeni, kuelekea masikioni, wala hukuyafuta. Ukasema Dereva siku ile aliposhika simu alikwambia njoo upesi kwa mama yako, simu ikakatika. Hakuwahi kusema niko hai. Ulikuja njia nzima unajua unakuja kunizika. Na tangu siku hiyo, ukifumba macho ofisini unaniona sakafuni, na simu ikilia mikono inakufa ganzi.

Hilo hukuwahi kuniambia. Ulileta maboksi, ukapaka rangi, ukapachika vyuma, ukatazama sakafu yangu kama askari, na mimi nikakuona mtoto asiye na shukrani. Vipimo vyako nilivyo navyo nilivichukua siku zote umesimama mbele yangu, kidevu juu. Chini sijakuona tangu utambae.

Ulitaka kujirusha tena. Nikakuzuia. Nikashuka, nikalala pembeni yako, bega kwa bega, wote vichwa uvunguni. Nikakwambia zima injini. Ukauliza injini gani. Nikasema lala tu, legeza hata meno. Tukalala. Chini barabarani yule mwenye pikapu akapiga honi, nikamsikia Dereva anamwambia asubiri, huko juu kuna matengenezo.

Kisha nikakuinua. Si kwa mikono. Nilikusemesha tu, ubavu, mkono, goti, na ulipofika kwenye ng'ombe ulicheka mpaka ukarudi chini, tukaanza upya.

Pikapu imeondoka na maboksi matupu. Umeondoka umejifunga shuka langu kiunoni.

Sasa nisikilize, na safari hii nitakusomea kwa sauti ukija, ulie usilie. Kesho ukitoka kazini upite hapa. Kitambaa kipo, cha bluu, kilekile. Usiniletee ile suruali nikushonee kiraka, itupe. Na ukifika usije ukasimama wima katikati ya chumba na kuvuta tumbo ndani. Inama, shika kitanda, utulie, nikupime hapo. Na Jumanne asubuhi omba ruhusa ofisini, uwe kwenye ngazi za ukumbi kabla Utepe hajafungua mlango, na usithubutu kutoka kabla ya maiti.